Mbwa Aliyepiga Magoti

Juzi mjukuu wangu Minza alifungua sanduku langu la bati bila ruhusa. Sanduku lile linanuka dawa ya nondo na vitenge vya zamani, na chini kabisa kuna kopo tupu la mafuta ya kujipaka, na ndani ya kopo kuna kizibo cha soda kilichopondwa bapa, kikakunjwa katikati kama chapati, kikatobolewa kwa msumari. Mtoto wa miaka saba, hajui kile ni kitu gani, akakitia mdomoni akapuliza. Mimi nilikuwa uani natwanga karanga. Niliposikia ile sauti mchi ulinitoka mkononi ukaniangukia kwenye dole gumba la mguu, na ukucha mpaka leo ni mweusi.

Mpangaji wangu, mama mmoja mwenye maneno mengi, akatoa kichwa dirishani. "Bibi Minza! Mtoto wa kike anapiga mluzi huku, mkanye!"

Mimi nimeitwa bibi mapema, kabla hata mvi hazijanijia, na sioni aibu, naringa na jina hilo. Nina wajukuu wawili na meno yangu yote ninayo isipokuwa moja. Kukanya najua, muulize yeyote mtaani. Lakini siku ile sikumkanya mtu. Nilikaa chini kwenye ndoo niliyoifudikiza, nikashika dole langu, nikawa kama nimerudi nyumbani kwetu kando ya ziwa, na yule mbwa amelala chini mbele yangu ananitazama.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka miaka ile. Nguo za mitumba zilikuwa zimeanza kumwagwa chini kwa marundo, kila mtu akawa na koti la mtu asiyemjua. Ziwani magugu maji yalikuwa yameingia, asubuhi unaamka unakuta ufuko umekuwa shamba. Viwanda vya sangara vilikuwa vinachukua mnofu, sisi tunanunua mapanki, yaani kichwa na mifupa, tunakaanga, mji mzima unanuka mafuta ya samaki. Watu wazima walikuwa wanasema maneno mapya kila siku, na sisi watoto tunayaokota bila kujua yametoka wapi. Siku moja Baba alirudi kutoka kiwanda cha kuchambua pamba, Mama akamwambia Bibi, "Amepunguzwa." Mimi nilimwangalia Baba kuanzia juu mpaka chini. Vidole kumi. Masikio mawili. Usiku akivua shati nikamchungulia mgongo. Sikuona palipopunguzwa, na nikaogopa kuuliza, nikidhani labda ni mahali ambapo mtoto haruhusiwi kuona.

Halafu Baba akavuka ziwa kwenda upande wa machimbo kutafuta dhahabu. Alituambia, mimi na mdogo wangu Masanja aliyekuwa bado anavaa shati tu bila kaptula, "Nitarudi kabla mahindi hayajakauka." Basi mimi kila nikitoka shule nakwenda kuyashika mahindi. Yakakauka. Tukayavuna, tukayapukuchua, tukala, tukapanda mengine. Hayo nayo yakaanza kukauka. Nikawaza labda alikuwa anasema mahindi ya huko alikokwenda.

Tulibaki kwenye mji wa Baba, kwa mama yake, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka stendi ya Buzuruga ukielekea ziwani. Mji wetu ulizungukwa na ua wa minyaa, na nyuma yake mawe makubwa yamekaa juu ya mawe. Bibi yangu alikuwa Msukuma wa zamani, mfupi, mweusi tii, na alikuwa na sheria kuliko mahakama. Mtoto wa kike anapiga magoti anaposalimia mkubwa, magoti yote mawili yaguse udongo. Haangalii mkubwa machoni. Haruki miguu ya mtu aliyekaa. Na hapigi mluzi. Mluzi ni wa wanaume wachungaji. "Msichana akipiga mluzi," Bibi alituambia, "baba yake anapotea njia ya nyumbani." Alisema hivyo hata kabla Baba hajaondoka, kwa hiyo msidhani alitunga.

Mama yangu alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja mtaalamu wa mbuzi wa maziwa, aliyekuwa na mradi wake mjini kule kwenye vilima. Mradi ukaisha. Mzungu akapanda ndege, mbuzi wakagawiwa watu, nyumba ikapata mwenyewe mwingine. Mama alipokwenda kurudisha funguo za jiko alimkuta mbwa wa yule mzungu bado amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba. Amezunguka mti mpaka mnyororo umekwisha na shingo imebanwa kwenye gome. Mlinzi akamwambia, "Huyu Jumatatu anakuja kuchomwa sindano ya kufa." Mama akaomba kamba ya katani.

Jioni tukamwona anaingia kwenye ua na mnyama. Mimi nilidhani ni mbuzi. Mweusi, manyoya marefu yamejaa mbigiri, shingo nyeupe kama kola ya padri, jicho moja la kahawia na jingine limepauka kama maziwa yaliyotiwa maji. Mama miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Baadaye watu wa Mirongo walituambia kwamba walipopita pale mbwa aliwakusanya kina mama wauza nyanya wakawa wamesongamana ukutani na beseni zao, hakumng'ata hata mmoja, na Mama akawa anaomba radhi kwa kila mtu.

"Umetuletea nini?" Bibi akauliza.

"Anaitwa Megi."

"Jina la mtu aliyebatizwa! Anakula nini?"

"Atakula mapanki, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na Mama alimwita Bibi hivyo siku zote, hata waliponuniana.

"Kwa nini umemchukua?"

Mama akafikiri sana. "Alikuwa ananiangalia," akasema.

Sasa hapo ndipo lilipotokea jambo lililoipa nyumba yetu habari ya kusimulia. Bibi alikuwa kwenye kigoda anachambua choroko. Yule mbwa akaona bata wa Bibi nyuma ya kigoda. Alikuwa mbwa wa kuchungia mifugo; nayajua haya sasa, wakati ule hakuna aliyejua. Akajishusha chini taratibu, miguu ya mbele ikakunjika, tumbo likagusa udongo, kichwa akakiweka chini, akatulia tuli mbele ya Bibi.

Bibi akaacha choroko. Akatutazama sisi, akamtazama mbwa.

"Marahaba!" akasema kwa sauti.

Mama akaguna. Bibi akainua kidole. "Mmeona? Mnyama kanipigia magoti. Kabula, wewe jana ulinisalimia umesimama kama mlingoti wa bendera ya shule. Mbwa anakushinda adabu!" Kisha akainama kumchungulia vizuri. "Lakini mbona ananikodolea macho? Basi. Kalelewa na wazungu huyu. Kupiga magoti wamemfundisha, kuangalia chini hawakumaliza."

Tangu siku hiyo Bibi alimwitikia marahaba kila alipojilaza, na alikuwa anajilaza mara arobaini kwa siku. Majirani walikuja kuona mbwa anayesalimia. Mimi niliamini kabisa. Lakini kulikuwa na kitu hakinikai kichwani: kwa nini anawasalimia hata bata? Kwa nini anamsalimia Masanja, mtoto asiye na kaptula? Nilimuuliza Bibi. Akasema, "Ana adabu iliyozidi."

Adabu iliyozidi ilitutesa. Megi hakujua kupumzika. Mbwa wetu wa kienyeji mnawajua, akishashiba analala kivulini mpaka nzi wamchoke. Huyu alikuwa anakimbia kando ya ua wa minyaa, akifika mwisho anageuka, akifika mwisho anageuka, mpaka akachimba njia yake kama ya ng'ombe. Aliwabana bata kwenye kona ya jiko kutwa nzima, wakaacha kutaga. Tukienda shule alituzunguka njiani mpaka tukatembea tumeshikana kama dagaa kwenye kipimo. Ukichelewa nyuma kufunga kamba ya kiatu anarudi kukufuata, anakutazama, mpaka uwafikie wenzako. Masanja akitoka uani kwenda kujisaidia anarudishwa kabla hajamaliza, analia, "Mama, Megi hataki nikojoe!" Jumapili moja aliwakusanya watu waliotoka kanisani, kwaya yote, akawazuia mlangoni, na mwalimu wa kwaya akapanda kwenye benchi.

Mwisho ni siku alipokwenda kwa baba Shija, jirani yetu, akawachukua mbuzi wake kumi na mmoja akawaingiza chooni. Mbuzi kumi na mmoja ndani ya choo cha makuti, na mama Shija yumo. Baba Shija alikuja kwetu na panga mkononi. Hakupiga kelele, na mtu akija na panga bila kelele ujue amefikiri njiani.

"Mama Kabula," alimwambia mama yangu, "nakuheshimu, na mwenye mji hayupo, sitaki kugombana na wanawake. Lakini mara nyingine mbwa huyu akivuka mpaka wangu, namkata. Nimemaliza."

Bibi akasema, "Alikuwa anawasalimia tu."

"Mayu, na mimi nitamwitikia," baba Shija akasema, akaonyesha panga.

Jioni tulikuwa tunakula. Nikamuuliza Mama, "Yule mzungu wenu alikuwa anamwambiaje mpaka anatulia?"

"Hakuwa anamwambia. Alikuwa anampigia mluzi. Ana kibati mdomoni."

"Kibati cha namna gani?"

Mama akamtupia jicho Bibi, ambaye alikuwa anamtolea Masanja mwiba kwenye samaki. Akamega tonge la ugali, akalibonyeza likawa bapa, akalikunja katikati, akachoma tundu kwa kidole cha mwisho, akaliweka kwenye sahani yangu.

"Mnacheza na chakula?" Bibi akauliza.

"Hapana, mayu," Mama akasema. Mimi nikalichovya kwenye mchuzi nikalila, lakini umbo lake nilikuwa nimeshalikariri.

Kizibo nilikiokota dukani kwa Mwarabu, nikakiponda kwa jiwe, nikakikunja kama tonge, nikakitoboa. Nilikuwa na mwanya mpana meno ya mbele, nao ulikishika vizuri. Siku mbili za kwanza nilipuliza mate matupu. Siku ya tatu, nyuma ya mawe, ikatoka sauti nyembamba kama ya ndege, na Megi aliyekuwa anakimbia kando ya minyaa akasimama katikati ya mbio, mguu mmoja hewani. Akanitazama kwa jicho la kahawia na jicho la maziwa. Mimi sikuwahi kutazamwa hivyo na kiumbe chochote. Alinitazama kama mtu aliyekaa ugenini muda mrefu akasikia anaitwa kwa lugha ya kwao.

Nikajifunza kwa kumwangalia. Nikipiga mfupi mfupi, anakwenda kuzunguka na kuleta. Nikipiga mrefu, analala chini, anaacha. Ila mrefu wangu ulikuwa haumshiki sawasawa, analala halafu anainuka. Siku moja nafua na Mama kando ya ziwa, magugu maji yamejaa mpaka tumefungua tundu dogo la maji la kutosha beseni. Megi akaanza kuwazunguka watoto wa watu. Nikajisahau. Nikatoa kizibo shavuni nilikokificha, nikakibana kwenye mwanya, nikapiga mbele ya Mama. Kisha nikagutuka, nikainamisha kichwa nisubiri kofi.

Mama akakamua shuka mpaka tone la mwisho.

"Umeukata," akasema. "Ule wa kumsimamisha ni mrefu. Haukatwi katikati. Unaupuliza mpaka pumzi iishe." Akachukua shuka jingine. "Na Bibi yako asikusikie."

Hapo nilichanganyikiwa kabisa. Mama anajua sheria. Mama anajua kwamba Baba atapoteza njia. Sasa anataka nipige au hataki? Nililala naliwaza. Nikapiga hesabu yangu ya darasa la tatu: Baba ameondoka kabla sijaanza mluzi, kwa hiyo si mimi niliyempoteza. Lakini harudi, na sasa napiga, kwa hiyo labda nazidi kumpoteza. Nikiacha, Megi atavuka kwa baba Shija na atakatwa. Nikiendelea, Baba je? Nikawa nikipiga mmoja naomba Mungu mara mbili.

Halafu nikapata akili nyingine, na wakati ule niliiona ni akili kubwa. Megi kazi yake ni nini? Ni kumrudisha aliyebaki nyuma. Haachi mtu mmoja nje ya wenzake, hata aliyefunga kamba ya kiatu. Sasa sisi kwetu nani yuko nje? Nikampandisha juu ya jiwe kubwa, mahali ambapo ukikaa unaona kivuko kinavyopita mbali kama sanduku jeupe. Nikamwelekeza uso upande wa machimbo. Nikapiga mfupi mfupi: nenda kazunguke, lete. Megi akatazama maji. Akanitazama mimi. Akatazama maji tena, masikio yanapanda na kushuka, akalia kidogo kwa puani. Nikapiga tena. Akashuka mbio mpaka ukingoni, akasimama kwenye magugu, akageuka kunitazama. Alikuwa tayari kabisa kuleta, ila hakuona cha kuleta.

Nilirudia siku tatu. Siku ya nne, mchana mweupe, Baba akaja.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipopotea mimi. Baba alikuja kwa miguu kutoka Buzuruga, amevaa miwani ya jua na viatu vya ngozi vyenye kelele, amebeba redio kaseti begani, ananuka sabuni isiyokuwa ya kwetu. Na nyuma yake, ameinama, kulia, kushoto, kulia, alikuwa Megi. Alikuwa amemkuta njiani na kumleta. Anamleta Baba kama mbuzi, mpaka ndani ya ua. Watu wakacheka, Baba mwenyewe akacheka, "Mbwa gani huyu wa polisi?" Bibi akapiga vigelegele. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika kwa furaha. Nilijua mimi ndiye niliyemleta. Bibi hakujua lolote. Mluzi haupotezi baba, mluzi unaleta baba!

Baba alikaa siku mbili. Redio ilipigwa. Masanja alipewa kaptula, mimi nikapewa bangili za plastiki. Lakini Mama hakubadilisha khanga, na usiku Baba alilala nyumba ya Bibi. Walizungumza ndani, Baba na Bibi, mlango umesindikwa, na Bibi alitoka na macho mekundu akasema ni moshi. Siku ya tatu baada ya chai nikamwona Baba anakusanya vitu. Koti lake la zamani. Nyundo yake. Picha yake ya kipaimara kutoka ukutani, ikabaki alama ya mraba mweupe kwenye udongo. Nikaelewa: tunahama! Kapata nyumba kule machimboni. Nikakimbia nikakunja sare yangu ya shule, daftari mbili, gauni la Jumapili, nikavitia kwenye mfuko wa nailoni. Nikamvalisha Masanja kaptula mpya. Nikaja nikasimama karibu na Baba na mfuko wangu, Megi pembeni.

Baba akanitazama mimi na mfuko.

"Wewe unakwenda wapi?" akauliza.

Nikamtazama Mama. Mama alikuwa kwenye mlango wa jiko, mikono imejaa unga wa muhogo. Baba akabeba begi, akabeba redio, akamwambia Bibi, "Mama, nimekwenda," akaelekea kwenye mwanya wa minyaa, njia ya kutokea.

Megi akafika pale kabla yake.

Akajilaza. Miguu ya mbele chini, tumbo kwenye udongo, macho juu yake. Baba akaenda kushoto, Megi kushoto. Baba akaenda kulia, Megi kulia. Baba akacheka. Majirani waliokuja kuaga wakacheka. Baba akajifanya anarudi kisha akaruka kwa haraka, na Megi alikuwa pale pale, chini, anatazama. Kicheko kikaisha. Baba akampiga teke la mbavu kwa kile kiatu cha ngozi. Megi alilia, akasogea hatua moja, akarudi akajilaza mahali pale pale.

"Mtoeni mbwa wenu!" Baba akapaza sauti.

Hakuna aliyemtoa. Bibi alikuwa amesimama na mkongojo wake. Sauti yake ilitoka ndogo, si ile ya siku zote. "Mwanangu, mwangalie. Hata mnyama anakupigia magoti."

Baba aliweka redio chini. Akaweka begi chini. Akazunguka nyuma ya ghala akachukua mpini wa jembe. Baba yangu alikuwa na mikono ya mtu aliyebeba marobota ya pamba miaka tisa, na nilijua mpini ule ukishuka mara moja kichwani hakuna mara ya pili. Megi alimwona anakuja na mpini. Hakuondoka. Alishusha kichwa tu mpaka kidevu kikagusa chini.

"Kabula," Mama akasema.

Nikageuka.

"Piga."

"Nipige nini, Mama?"

"Mluzi. Ule mrefu."

Mbele ya Bibi. Mbele ya majirani. Mbele ya Baba mwenyewe. Mdomo ulikauka mpaka kizibo kikagoma. Nilijua kitu kimoja tu na nilikijua kwa mwili mzima: nikipiga, Megi ataacha, na akiacha, Baba anakwenda. Nisipopiga, mpini unashuka. Na aliyeniambia nipige ni mama yangu. Nilimtazama kama ataniambia tena, labda nimekosea. Alitikisa kichwa mara moja, ndiyo, na unga ukamdondoka mikononi.

Nikapiga. Nilipiga mpaka pumzi ikaisha, haukukatika hata kidogo. Nadhani nilikuwa sijawahi kupiga mzuri kama ule, wala sijapiga tena.

Megi akanitazama. Akalaza shingo chini pembeni, mwili wote ukalegea, akageuza macho yake kutoka kwa Baba. Kazi imekwisha. Baba akabaki na mpini hewani hana wa kumpiga. Akautupa, akachukua begi na redio. Njia ilikuwa nyembamba na mbwa amelala katikati, basi akamruka. Nilisikia Bibi anavuta pumzi, maana kwetu ukimruka aliyelala, umemhesabu kuwa amekufa kwako. Upande wa pili wa minyaa Baba aligeuka, akaniangalia mimi.

"Nani kamfundisha mtoto wa kike mluzi?" akasema.

Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia kwa baba yangu. Alikuwa na mke mwingine kule na watoto, watu wote walijua isipokuwa mimi na mbwa.

Miaka mingi nimeishi nikijua kwamba Bibi alisema kweli. Msichana kapiga mluzi, baba kapotea njia ya nyumbani. Mtu angesema nini? Nilipiga kwa mdomo wangu, akaenda kwa miguu yake, na watu waliona. Siku mbili Bibi hakunisemesha na mimi sikumlaumu. Siku ya tatu alikuja akasimama nyuma yangu, hanitazami, anatazama upande wa baba Shija.

"Hebu mpigie huyo mwenzako," akasema. "Bata wangu wamevuka mpaka."

Nikapiga mfupi mfupi. Bata wakaja kwa mstari. Megi akajilaza mbele ya Bibi, na Bibi akamwitikia marahaba. Basi. Hatukulizungumza tena. Nilisoma nikaishia darasa la tano, Megi akaishi akazeeka kwetu, na baba Shija mwenyewe ikawa anakuja jioni kuniomba nimrudishie mbuzi, ananiita "mchungaji" mbele ya watu.

Mama nilimuuliza mara moja tu, nikiwa na mimba ya mama yake Minza, nimepata ujasiri wa mwenye tumbo. Nilimwambia, "Mama, siku ile kwa nini uliniambia nipige? Si angeweza kubaki?" Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Angeua mbwa," akasema, "halafu angekwenda vile vile."

Maneno niliyaelewa, si magumu. Lakini kuna upande wangu, wa yule mtoto mwenye mfuko wa nailoni, ambao mpaka leo haujaelewa. Ule upande unauliza: na kama angeshindwa kupita? Kama angechoka akakaa chini akanywa chai? Naujibu, unauliza tena. Nimekua nao, nimeuzoea kama pengo la jino langu.

Sasa juzi pale mpangaji wangu ananipigia kelele dirishani nimkanye mtoto, na Minza kasimama na kizibo mdomoni, macho makubwa, anangoja kofi. Nikamwita. Akaja akapiga magoti mbele yangu, yote mawili yakagusa udongo, maana hilo nimemfundisha. Ananiangalia machoni, hilo sijamfundisha wala sitamkataza.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia.

"Umeukata," nikasema. "Mrefu haukatwi katikati. Puliza mpaka pumzi iishe."